Vishawishi gani?

Kosa langu nililifanya mbele ya wageni saba, mmoja wao mchungaji.

Ilikuwa 2016. Mwenzetu mmoja alikuwa amefunga ndoa hapa Frederick, Maryland, na siku ya pili yake wageni waliotoka majimbo ya mbali wakataka kutembezwa kidogo kabla ya kupanda ndege. Nikawapeleka Harpers Ferry. Huku kwetu mgeni hupelekwa Harpers Ferry, kama vile mtu wa Dar anavyompeleka wake Bagamoyo. Ni nusu saa kwa gari. Unavuka mito miwili, Potomac na Shenandoah, na pale inapokutana ndipo ulipobanwa huo mji wa West Virginia wenye wakazi wasiofika mia tatu. Thomas Jefferson aliyaona mandhari yake 1783, akaandika baadaye kwamba yanastahili safari ya kuvuka Atlantiki. Mimi Atlantiki nimeivuka kuja kubeba boksi, lakini kwa hili simbishii.

Kwa mji wa watu mia tatu, vibao vyake ni vingi kupita kiasi. Kuna vinavyoonyesha vilipokuwa viwanda vya bunduki vya serikali, na kinachosema Meriwether Lewis alichukua silaha hapa 1803 kabla ya safari yake ya magharibi. Kuna alama ukutani za kina cha mafuriko, moja juu ya nyingine, kama mzazi anavyopima watoto mlangoni. Karibu na reli kuna mabamba ya chuma yanayoeleza jinsi jeshi la Stonewall Jackson, jenerali wa Kusini, lilivyouteka mji Septemba 1862, askari zaidi ya 12,000 wa Kaskazini wakajisalimisha. Wakati wa vita ile ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861–65), serikali ya Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga kuulinda utumwa, mji ulibadilisha wenyewe mara nane. Mgeni husoma vibao viwili vitatu, macho yakachoka, akatafuta aiskrimu.

Basi siku ile nilikuwa najifanya mwenyeji. Tulipofika Mtaa wa Potomac, hatua chache kutoka jengo linaloitwa Ngome ya John Brown, tukasimama mbele ya jiwe kubwa lenye maandishi ya kuchongwa. Nikawaeleza wageni kwa sauti ya ualimu (nilifundisha shule ya msingi miaka sita kabla ya kuja huku, na ugonjwa huo hauponi): "Huyu Heyward Shepherd alikuwa mtumwa mwaminifu. John Brown alipokuja kuwakomboa watumwa, yeye akakataa kumsaliti bwana wake, wakamuua."

Mama mmoja Mmarekani Mweusi, mtu mzima, alikuwa amesimama karibu. Kiswahili hakukielewa, lakini mgeni mmoja akamtafsiria kwa nia njema. Akanitazama kwa huruma, si kwa hasira. Akasema Shepherd hakuwa mtumwa wa mtu yeyote. Alikuwa mtu huru, mwenye mke na watoto kule Winchester, akifanya kazi ya kubeba mizigo ya abiria katika stesheni ya treni. "Hata jiwe lenyewe limesema alikuwa huru," akaongeza. "Umelisoma?"

Sikuwa nimelisoma. Nilikuwa nimelipitia mara nne au tano tangu 2014, na nimepigia picha pale. Nilichokuwa nacho kichwani ni neno "uaminifu" lililonasa jicho, na mengine nilijijazia mwenyewe. Mchungaji akakohoa. Tukaenda kula aiskrimu.

Nilirudi peke yangu wiki ile ile baada ya zamu ya usiku, macho mekundu, nikasoma kila neno. Kisha nikasoma na kibao cha Idara ya Hifadhi za Taifa kilichowekwa pembeni yake.

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, John Brown, mzungu aliyeamini kwamba Mungu amemtuma kuuvunja utumwa, aliingia Harpers Ferry na watu wake. Walikuwa 21 bila yeye, watano kati yao Weusi. Shabaha ilikuwa ghala la silaha: wachukue bunduki, wapande nazo milimani, watumwa wawafuate huko. Kama saa saba na nusu usiku treni ya kwenda Baltimore ilizuiwa. Shepherd akatoka stesheni kwenda darajani kuangalia kuna nini, maana mlinzi wa daraja haonekani. Wakamwamuru asimame. Akageuka kurudi, wakampiga risasi. Akafa siku hiyohiyo baada ya saa nyingi za maumivu. Mtu wa kwanza kuuawa katika uvamizi wa kuwakomboa Weusi alikuwa Mweusi aliyekwisha kuwa huru. Hilo halikwepeki, na anayempenda John Brown anapaswa kulimeza hivyo hivyo, chungu. Hadi asubuhi ya tarehe 18 wanamaji chini ya Robert E. Lee, ambaye baadaye aliongoza jeshi la Kusini lakini wakati huo bado alikuwa afisa wa jeshi la Marekani, walikuwa wameshauvunja mlango wa jengo alimojifungia Brown. Tarehe 2 Desemba akanyongwa Charles Town, mji wa jirani.

Hayo ni ya 1859. Jiwe ni la 1931. Miaka 72 iko katikati yake, na mimi sikuwa nimeitazama.

Waliolisimamisha wametajwa palepale: United Daughters of the Confederacy, yaani chama cha mabinti na wajukuu wa wapiganaji wa Kusini, pamoja na chama cha wana wao. Wazo lao waliliweka mezani tangu 1920, wakitaka kumbukumbu ya "mtumwa mwaminifu", na mji ukasitasita kwa kuogopa fujo. Shepherd akawafaa kwa sababu aliuawa na watu wa Brown. Kwamba hakuwa mtumwa ikawa jambo la kuzungukwa kwa ufundi wa maneno. Ndiyo maana siwezi kusema jiwe lile limedanganya. Limemwita mtu huru, mchapakazi, mwenye kuheshimiwa. Kisha sentensi inaendelea kutembea, na ikifika mwisho umeshamweka pamoja na maelfu ya watumwa wanaosifiwa kwa kutulia. Mimi nilikuwa ushahidi hai kwamba ufundi ule bado unafanya kazi.

Lakini kulisoma jiwe hasa nilifundishwa na Baba, ambaye Kiingereza chake ni cha alama za barabarani.

Baba alikuja kutusalimia Juni 2019. Ni mtu wa Kilosa aliyehamia Dar akiwa kijana, akapanga Kariakoo, akaendesha malori mpaka mgongo ukakataa. Wiki ya kwanza alikaa ndani akilalamika kwamba mtaa wetu hauna watu. Wiki ya pili nikampeleka Harpers Ferry. Daraja la reli alilipenda, maana analijua chuma. Tulipofika kwenye jiwe akasimama, mikono nyuma.

"Limeandikwa nini hili?"

Nikaanza kumsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Usiku wa tarehe fulani, Heyward Shepherd, mtu mweusi huru, alijeruhiwa vibaya na wavamizi wa John Brown akiwa katika kazi zake za reli.

"Kazi gani?"

"Mbeba mizigo, Baba. Mizigo ya abiria."

"Mpagazi."

"Ndiyo, kama mpagazi."

Akaguna. "Endelea."

Nikaendelea. Jiwe hili limesimamishwa liwe kumbukumbu ya Heyward Shepherd, kielelezo cha tabia na uaminifu wa maelfu ya watu weusi ambao, chini ya vishawishi vingi katika miaka ya vita iliyofuata, walienenda vema hata...

"Hebu subiri. Vishawishi gani?"

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Kwa Kiingereza neno lile nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kujikwaa. Kwa Kiswahili lilisimama njiani kama ng'ombe. Kishawishi kwetu ni pombe, ni fedha ya ofisi iliyo mbele ya mtu mwenye njaa, ni mke wa jirani. Mtumwa wa Virginia mwaka 1862 alikuwa akishawishiwa na nini? Na jibu nilikuwa nalo. Alikuwa akishawishika kukimbilia kambi ya jeshi la Kaskazini. Kuanzia 1863 alikuwa akishawishika kuvaa sare na kushika bunduki, na wanaume Weusi karibu laki mbili walifanya hivyo, wa nchi kavu na wa majini kwa pamoja.

"Kutoroka, Baba. Kwenda kuwa huru."

"Huo ndio ushawishi?"

"Ndio waliouandika."

"Na huo uaminifu?"

"Kubaki."

Akalitazama jiwe kitambo. Mtoto mmoja wa Kizungu alipita akilamba aiskrimu, akatusalimia, Baba akamjibu kwa Kiswahili. Kisha akasema, kama anayezungumza na jiwe na si na mimi: "Sasa huyu mpagazi wamemwekea nini hapa? Yeye si alikuwa huru tayari? Habari ya kubaki inamhusu nini?"

Nilisomea ualimu, nikafundisha historia. Swali lile lilimtoka mtu wa darasa la nne la mkoloni, na lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuwauliza wanafunzi wangu. Tangu siku ile, sentensi yoyote ya jiwe au bamba ninayoitilia shaka huigeuza kwanza kwa Kiswahili, kimoyomoyo, kana kwamba Baba amesimama hapo. Kuna Kiingereza cha mnara ambacho kimezoeleka mno mpaka hakisikiki tena. Ukikihamishia kwenye lugha ya mama, sehemu isiyobeba uzito huvunjika yenyewe.

Nilimweleza yaliyofuata tukiwa tunapanda kilima, taratibu, kwa sababu ya mgongo wake. Kwamba siku ya uzinduzi, tarehe 10 Oktoba 1931, baada ya hotuba za kusifu watumwa watulivu, alisimama mwalimu wa muziki wa chuo cha Weusi kilichokuwa juu ya kilima hiki, Storer College. Aliitwa Pearl Tatten. Hakuwa amepangiwa kuhutubia. Alikuja na wanafunzi wake kuimba. Akawaambia waliokusanyika kwamba yeye ni binti wa askari aliyepigania uhuru wa watu wake upande wa Kaskazini, na kwamba watu wake wanasonga mbele kuelekea uhuru mkubwa zaidi. Ninapoipita sehemu ile humfikiria yeye kuliko wote. Kusimama mbele ya watu wale mwaka 1931, huku rais wa chuo chako, ambaye ni mzungu, ni mmoja wa washiriki wa sherehe! Kibarua kingeweza kuota nyasi jioni ileile.

"Aliyelipinga jiwe siku ya kwanza alikuwa mwimbishaji?" Baba akauliza.

"Mwimbishaji."

"Safi."

Juu ya kilima majengo ya chuo bado yapo. Kilianzishwa 1867, vita vimekwisha juzi tu, kuwafundisha walioachiwa huru, na kikafungwa 1955. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mashuhuri wa Weusi, alihutubia hapa 1881 kumsifu John Brown, na jukwaani nyuma yake alikuwa ameketi Andrew Hunter, mwendesha mashtaka yuleyule aliyempeleka Brown kitanzini. Agosti 1906 msomi Mweusi W. E. B. Du Bois na wenzake wa Vuguvugu la Niagara walikutana hapa kudai haki zote za uraia, na asubuhi moja wakatembea kwenda kuliona jengo la John Brown, wakavua viatu na soksi kabla ya kulifikia.

Jengo lenyewe lilikuwa wakati huo shambani, nje ya mji, na hapo lazima niseme neno kuhusu safari zake. Lilijengwa 1848 kwa ajili ya mashine za kuzimia moto. Mwaka 1891 likabomolewa tofali kwa tofali likapelekwa Chicago kwa maonyesho, na kwa siku kumi likatazamwa na watu 11. Hasara tupu. Likarudishwa 1895, likajengwa shambani. Mwaka 1910 likahamia chuoni kilimani. Mwaka 1968 likashushwa tena mjini, lakini si mahali pake halisi, maana reli ilikwisha kupafukia kwa tuta. Mahali halisi pana mnara mdogo. Kwa hiyo mgeni anapiga picha mnara unaosema jengo lilikuwa hapa, kisha anageuka na kupiga picha jengo ambalo liko pale. Baba alicheka mpaka akashika mgongo.

Ubavuni mwa jengo hilo kuna bamba la 1918 lililowekwa na wahitimu wa Storer. Linasema John Brown na watu wake 21 walitoa maisha yao ili utumwa uondoke kwenye ardhi ya Marekani. Na kilimani, mahali jengo lilipokuwa zamani, kuna bamba la Du Bois. Aliliandika 1932, mwaka mmoja tu baada ya lile jiwe, kwa niaba ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi: kwamba hapa John Brown aliupiga utumwa pigo lililoliamsha taifa lenye hatia, na kwamba juu ya maiti yake walipita askari Weusi 200,000 na watu 4,000,000 walioachiwa huru, wakiimba. Uongozi wa chuo ukaona maneno ni makali, ukakataa kulitundika. Bamba likarudi New York. Lilikuja kuwekwa hapo kilimani 2006.

Piga hesabu: miaka 74. Jiwe la kusifu kutulia lilisubiri miaka 11 tu likapata nafasi mtaani. Jibu lake lilisubiri vizazi karibu vitatu.

Hapo mwalimu ndani yangu hakunyamaza, na ni haki niseme. Mabamba haya mawili niyapendayo nayo yameteleza katika hesabu. Watu wote 21 hawakutoa maisha yao. Waliouawa pamoja na walionyongwa, ukimhesabu na Brown mwenyewe, ni 17. Watano walitoroka, akiwemo Osborne Perry Anderson, Mweusi, ambaye alirudi kueleza yaliyotokea. Na Du Bois ameandika kwamba pamoja na Brown walipigana saba, watumwa na wana wa watumwa, ilhali kwa kawaida wanahesabiwa watano. Nilipomwambia Baba kwamba hata hawa wetu wamechomekea, hakushtuka. "Msiba wa kwenu unaongeza chumvi," akasema. "Lakini hawakumwita mtu mwaminifu kwa kumnyima."

Baada ya hapo lile jiwe la chini lilipitia mengine. Miaka ya 1970 liliondolewa kwa ajili ya ukarabati wa majengo, liliporudi likafunikwa kwa mbao, na likakaa gizani mpaka 1995, lilipofunuliwa likawekewa kibao cha maelezo chenye maneno ya Du Bois. Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu kama ningelivunja. Hapana. Pale mtaani sasa lina mpinzani pembeni, hata kama mpinzani mwenyewe ni mdogo na maandishi yake ni ya kuinamia. Wala sikubaliani na waliolifunika. Kitu kilichofunikwa mbao katikati ya mji wa watalii kinatangazwa mara mbili.

Ila siwezi kuifanya kanuni. Charles Town, robo saa kutoka hapo, kuna mahakama ileile alimohukumiwa Brown, na bado inatumika. Mlangoni pake palikuwa na bamba la kuwaheshimu askari wa Kusini wa wilaya ile. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni la zamani, la wajane na yatima. Tarehe yake: 1986. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la pili! Vita vilikuwa vimekwisha miaka 121 kabla. Mwaka 2017 wanawake Weusi wachache wa hapo waliomba liondolewe, wakakataliwa. Baada ya uchaguzi wa 2018 viongozi wa wilaya wakapiga kura upya na likaondolewa Desemba hiyo. Hilo naliona sawa kabisa. Mtaani mtu anaweza kuvuka barabara. Mlango wa mahakama unaingia kwa kuitwa, na aliyeitwa hapaswi kupita kwanza chini ya bendera ya waliotaka babu yake auzwe.

Siku ya mwisho ya matembezi nilimpeleka Baba Sharpsburg, upande wa Maryland, kwenye uwanja wa vita wa Antietam. Tarehe 17 Septemba 1862, watu karibu 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea pale kwa siku moja. Makaburini kuna wafu 4,776 wa vita ile ya wenyewe kwa wenyewe, si wa siku hiyo tu, wa Kaskazini peke yao; wa Kusini walizikwa kwingine, baadhi yao hapa Frederick. Kati ya hao wa Kaskazini, 1,836 hawajulikani. Mawe yao ni madogo ya mraba, yanafika kifundo cha mguu, yana namba tu. Baba alitembea katikati yake bila kusema. Alikuwa akiinama, anagusa namba moja, anakwenda nyingine.

Niliwaza mkono ule unamtafuta nani. Babu yangu, mzaa Baba, alichukuliwa 1917 kubebea Waingereza mizigo katika vita vyao na Wajerumani, Wajerumani ambao mwaka mmoja kabla ndio waliokuwa mabwana pale Kilosa. Alirudi. Begani alikuwa na ngozi ngumu kama kwato ambayo Baba aliigusa akiwa mtoto. Wenzake wengi hawakurudi: homa, kuhara damu, njaa. Kariakoo alikopanga Baba, na ambako mimi nimezaliwa, imepata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi. Waswahili walilifinyanga neno la Kiingereza likawa letu. Kila aliyezaliwa pale analitamka jina hilo mara kumi kwa siku akitafuta daladala.

Sasa, karibu na daraja la mawe la Antietam kuna mnara mrefu uliojengwa 1903. Unamhusu sajini wa miaka 19, William McKinley, mgawa chakula wa kikosi cha 23 cha Ohio. Nikamtafsiria Baba: kwamba mchana wa vita, yeye mwenyewe na bila kuamriwa, aliwapelekea askari wote wa kikosi chake kahawa ya moto na chakula, akipita kwenye risasi.

"Kahawa?"

"Kahawa."

"Wamemjengea huu wote kwa kahawa?"

"Alikuja kuwa Rais, Baba. Aliuawa 1901. Mnara umejengwa miaka miwili baadaye."

"Ahaa." Akauzunguka mnara, akatazama kijana aliyechongwa akiwagawia wenzake. "Basi si kahawa iliyojengewa." Halafu, tukiwa garini: "Lakini kahawa alipeleka kweli. Tusimdhulumu."

Njiani nilimwambia kwamba hata mimi nabeba boksi, basi ukoo wetu umekamilika. Akasema boksi zina kiyoyozi.

Alirudi nyumbani Septemba. Mwezi uliofuata akanipigia. Alikuwa ameshuka mjini kwenye Sanamu ya Askari, ile ya shaba ya 1927, ambayo amepita chini yake na lori maisha yake yote. Safari hii aliegemea uzio akasoma, kwa Kiswahili, maana maandishi yapo kwa Kiswahili na Kiingereza. Akakuta wapagazi wametajwa: kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina hata moja hakuna.

"Miguu na mikono wametuandika," akasema. "Kichwa hawakututia."

Nikakosa la kumjibu. Akabadilisha mazungumzo mwenyewe. Kijiweni, akasema, wazee wenzake wanamwona mwongo. Amewaambia Marekani kuna mnara wa kahawa, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, na wakamcheka mpaka vikombe vikamwagika. "Nitumie picha."

Jumamosi nikaendesha mpaka Sharpsburg. Mvua ilikuwa inanyesha, simu inakaribia kuzima. Nikasimama mbali kidogo ili mnara wote uingie, nikapiga, nikatuma, nikarudi garini kukausha miwani. Haikupita dakika tano sauti yake ikaingia, nyuma yake nikisikia vikombe na wazee wanabishana.

"Picha nimeiona. Lakini umesimama mbali, maandishi hayasomeki. Hawa hawatoniamini. Rudi, usogee."

Nikafungua mlango, nikashuka tena.